Kunuti ya Witri na Watu wa Mwambao: Uchambuzi wa Kisa

Usiku wa tarehe 18 Machi 2025, imamu alipotoa salamu ya witri, sala ya kufunga usiku, watu wengi wa safu za mbele walikuwa bado wanafuta machozi. Alfajiri ya siku hiyo ndege za Israeli zilikuwa zimeanza upya kuipiga Gaza, baada ya usitishaji vita uliodumu tangu 19 Januari, na watu zaidi ya 400 waliuawa kwa siku moja. Sisi tulizipata habari hizo tangu daku. Kutwa nzima simu zilionyesha watoto waliofungwa sanda, na magharibi watu walifuturu bila maneno mengi. Tulikuwa tumeingia nusu ya pili ya Ramadhani, wakati ambapo sisi Mashafii husoma kunuti, dua ya kusimama, katika rakaa ya mwisho ya witri, kwa hivyo ile dua ya Gaza tuliyoizoea tangu Oktoba 2023 usiku ule ilipata nafasi yake kamili. Imamu alilia, na msikiti ukalia naye.

Kabla watu hawajainuka, mzee mmoja wa safu ya pili akasimama. Hakupaza sauti.

"Maalim," alisema, "watu wa Gaza mwawataja kwa jina, na mimi naitikia amini pamoja nanyi. Na sisi wa mwambao mwatutaja lini?"

Wa nyuma walidhani analalamikia mambo ya hapa hapa, maji ya mfereji au hati za mashamba. Kijana mmoja akamwambia, kwa adabu lakini kwa haraka, "Mzee wangu, kaa kitako, si wakati wake." Mwingine hakuwa na adabu: "Sasa wataka kushindana na Gaza?" Yule mzee akajibu, "Sishindani na mtu, mwanangu. Nauliza." Imamu akasema watazungumza. Taa za nyuma zikazimwa kama kawaida ya kila usiku, watu wakatoka, na maneno yakahamia barazani.

Mimi ni mweka hazina wa kamati ya msikiti huo, ulioko Mji wa Kale, Mombasa. Jina lake silitaji, wala la yeyote katika kisa hiki. Mengi nitakayoyaeleza niliyaona, na moja nililitenda mwenyewe, sijivunii.

Nahodha na watu wake

Mzee huyo barazani huitwa Nahodha, ingawa jahazi lake la mwisho lilioza ufukweni zamani. Ujanani alikuwa akishuka kusini na kaskazi na kupanda na kusi, na katika safari hizo nduguye mkubwa alioa Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Msumbiji, akabaki huko mpaka akafa. Aliacha binti. Kwa desturi yetu binti wa nduguyo ni mwanao, basi Nahodha ana mtoto Msumbiji, na huyo mtoto humwita ami.

Mocímboa ni mji wa bandari katika mkoa wa Cabo Delgado. Wenyeji wake wengi huzungumza Kimwani, na hilo jina lenyewe ni pwani yetu hii kwa tamko la kwao. Nilipewa kusikiza sauti ya huyo binti kwenye simu. Mara ya kwanza nilishika nusu, mara ya pili nikashika karibu yote. Tofauti yake na Kiswahili changu haikuwa kubwa kuliko nilivyotarajia kwa mtu aliyekulia upande wa pili wa mto Ruvuma. Ndiyo maana Nahodha alisema "sisi".

Vita vya huko vilianza 5 Oktoba 2017, watu wenye silaha walipovamia vituo vya polisi vya Mocímboa. Agosti 2020 waliuteka mji wote na bandari yake, wakakaa nao mwaka mzima, mpaka majeshi ya Rwanda na Msumbiji yalipouchukua tena Agosti 2021. Wakati huo watu zaidi ya 800,000 walikuwa wameshakimbia makwao. Binti wa Nahodha alikimbilia Pemba, makao makuu ya mkoa (si Pemba ya Unguja na Pemba, na hilo nalo tumelieleza barazani mara kumi). Alifika na watoto watatu na sufuria. Desemba 2024 kimbunga Chido kikapiga pwani ile na kung'oa paa alilokuwa ameliezeka kwa shida.

Nilipima kwenye ramani ya simu. Kutoka Mombasa hadi Pemba ya Msumbiji, kama ndege arukavyo, ni karibu kilomita 1,000. El Fasher, mji wa Darfur uliokuwa umezingirwa wakati huo, ni kama 2,500. Gaza ni karibu 4,000. Kama huruma ingekwenda kwa kilomita, msikiti wetu ungekuwa umekosea mpangilio wote.

Maneno ya barazani

Kahawa ilikwisha dele mbili usiku ule. Kijana wa tuktuk, ndiye yule wa "kaa kitako", alikuwa na hoja nzuri kuliko alivyoonekana msikitini. Alisema suala si umbali. Gaza ni Palestina na Palestina ni Al-Aqsa, kibla cha kwanza. Mtoto wa chuoni hapa Mombasa hujua jina hilo kabla hajajua jina la mkoa wowote wa Msumbiji. Halafu Gaza yaonekana. Watu wa Gaza wenyewe hushika simu, wakapiga picha, wakasema Kiarabu ambacho masikio yetu yamekizoea, hata asiyekielewa. "Hao wa kwenu, ami, nani amewapiga picha? Nikitaka kuwalilia nitawalilia vipi, nami sijamwona hata mmoja?"

Alikuwa akisema kweli zaidi ya alivyojua. Cabo Delgado ilifungwa. Waandishi walizuiwa, wengine wakakamatwa, na mitandao ya simu ilikatika miezi mingi. Mwandishi mmoja wa redio ya jamii ya Palma alimtumia mwenzake ujumbe tarehe 7 Aprili 2020 kwamba amezungukwa na wanajeshi. Hajaonekana tena. Nililisoma jambo hilo zamani nikalisahau, ila jina lake sikulisahau, na usiku ule nilipolitaja baraza likanyamaza. Anaitwa Ibraimo Mbaruco.

"Mbaruku?" akauliza mzee wa upande wa pili. "Mbaruku wa wapi?"

Waandishi wa Kireno huliandika kwa c, lakini masikio ya Mombasa hayadanganyiki na herufi. Mbaruku ni jirani. Mbaruku ni jina la kwenye kadi za harusi. Kwa mara ya kwanza usiku ule mtu akaniuliza juu ya Cabo Delgado swali ambalo halikuwa la siasa: huyo kijana alikuwa na mke?

Dunia iliikumbuka Palma siku chache mwishoni mwa Machi 2021, mji ulipovamiwa na wageni wakazingirwa hotelini, karibu na mradi wa gesi wa mabilioni ya dola. Wageni walipookolewa, kamera nazo zikaondoka. Siwalaumu wenye kamera peke yao. Tarehe 28 Novemba 2002 hoteli ya Paradise pale Kikambala ililipuliwa na watu waliokuwa wakipigana vita vya mbali kabisa, na ndege ya Israeli iliyokuwa ikiondoka Mombasa ikakoswakoswa na makombora. Waisraeli watatu walikufa, na Wakenya kumi, wengi wao wachezaji ngoma waliokuwa wakiwalaki wageni mlangoni. Niliwauliza wale wa barazani ni nani anaweza kunitajia mchezaji mmoja tu kati yao. Kikambala ni mwendo wa matatu moja. Hakuna aliyeweza, na mimi niliyeuliza siwezi pia.

Aliyenifundisha zaidi usiku ule alikuwa hamali wa godauni la Shimanzi. Yeye hakuwa ameuliza chochote. Mazungumzo yalipofika Sudan, na kijana wa tuktuk akasema vita vile ni vya majenerali wawili, Burhan na Hemedti, na hajui amwombee nani, hamali akasema Sudan yeye haijui kwa televisheni, aijua kwa mgongo. Chai ya mnada wa Mombasa nyingi ilikuwa ikienda huko. Mnada huo uko mjini hapa tangu 1969, na Sudan ni mteja wake wa miaka mingi. Februari 2025 RSF, jeshi la Hemedti, na washirika wake walikutana katika ukumbi wa KICC, Nairobi, wakatia saini mkataba wa kuunda serikali yao. Serikali ya Sudan ikakasirika, na 11 Machi, wiki moja tu kabla ya usiku wa kisa chetu, ikasimamisha bidhaa zote kutoka Kenya. Mizigo ikalala. Hamali analipwa kwa kazi iliyopatikana siku hiyo, na kazi haikupatikana.

"Watu milioni kumi na mbili wamehama makwao," mwalimu mmoja mstaafu akamwambia, kwa sauti ya darasani, kuhusu vita vile vilivyoanza 15 Aprili 2023.

"Sikuwa najua," hamali akajibu. "Nilijua chai haiondoki. Sasa nimejua kwa nini."

Hapo ndipo nilipoona udhaifu wa neno "uelewa" tunalolipenda kwenye semina. Kijana wa tuktuk ana uelewa wa Sudan na hana hisia nayo. Hamali alikuwa na Sudan tumboni, futari yake imepungua kwa sababu ya Sudan, na hakuwa na uelewa. Nahodha alikuwa na vyote viwili na hakuwa na wa kumsikiza. Kujua, kuumia na kuitikiwa ni mambo matatu tofauti.

Nyumbani kwangu

Mama yangu huifungua televisheni saa kumi za daku na kuifunga anapokwenda kulala. Ramadhani ile alikuwa hagusi futari. Atatafuna tende moja, atakunywa maji, basi. Presha yake ilipanda. Nilipomwomba azime alinijibu, "Mimi nikizima, wao wataacha kufa?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Ninachojua ni kwamba baada ya mabomu ya mbio za Boston mwaka 2013, watafiti wakiongozwa na Alison Holman waligundua kuwa waliotazama habari za tukio lile saa sita au zaidi kwa siku, katika wiki iliyofuata, walikuwa na dalili nyingi za mshtuko kuliko hata waliokuwapo pale mabomu yalipolipuka. Aliyekuwapo aliona mara moja. Wa mbele ya skrini aliona mara mia, na hakuwa na la kufanya hata mara moja. Mama yangu ni wa kundi hili. Kilio cha aina hii hakifanani na cha matangani, ambako kuna ubani wa kutoa, vyombo vya kuosha, maiti ya kuzika.

Mwanangu wa miaka sita alikuwa kando ya bibi yake siku zote hizo. Usiku mmoja hakulala. Nilimbembeleza, akaniuliza kwa sauti ndogo kama shangazi yuko hai. Nikashangaa, shangazi gani? Ikabainika kwamba shangazi yake ameolewa Gazi, kule Kwale, kijiji cha mikoko tunachokwenda kila likizo, na mtoto alikuwa ameisikia Gaza wiki nzima akaamini ni Gazi. Alidhani nyumba zile zinazoanguka ni zile anazocheza uani kwake.

Nikamwambia Gaza ni mbali sana, si kwa shangazi. Akashusha pumzi, akageuka upande, akalala papo hapo. Ilikuwa dawa ya kweli na iliyofanya kazi, nami nikabaki kitandani macho makavu, maana kipimo nilichompa ni kilekile nilichowahi kumpa Nahodha.

Lile nililolitenda

Mwaka 2023 Nahodha alinijia na ombi kwamba sehemu ya zaka ya msikiti ipelekwe kwa binti wa nduguye kule Pemba. Anastahiki kwa kila hali: mkimbizi, mjane, ana mayatima. Nilimwambia huko ni mbali, asubiri. Nikamwambia kuna fomu. Hakukuwa na fomu yoyote. Niliogopa.

Wapiganaji wa Cabo Delgado wenyeji huwaita al-Shabaab, jina lilelile la kundi la Somalia, ingawa wao ni kundi jingine. Baadhi ya kanda zao wamesema Kiswahili. Utafiti uliochapishwa Maputo mwaka 2019 ulizitaja kanda za Aboud Rogo, mhubiri aliyeuawa kwa risasi hapa Mombasa 27 Agosti 2012, kati ya mambo yaliyowalea vijana wale, ijapokuwa kuna wasomi wanaosema mizizi ya jambo lenyewe ni ya huko huko. Kwa mtu wa Mombasa hayo si mambo ya vitabuni. Februari 2014 polisi walivamia Msikiti Musa, Majengo, na Novemba mwaka huohuo misikiti kadhaa ikafungwa kwa muda. Kuna nyumba mjini hapa ambazo kijana alitoka jioni na hakurudi mpaka leo. Mweka hazina wa msikiti akituma pesa Cabo Delgado, ataulizwa zimekwenda kwa nani, na neno al-Shabaab litakuwa ndani ya swali.

Imamu aliniambia yake siku mbili baada ya usiku ule, tumekaa wawili baada ya alfajiri. Nayaweka kama alivyoyasema, kwa sababu naona ndiyo kiini cha kisa chote: "Nikiitaja Gaza, hakuna atakayenigongea mlango. Nikimtaja anayechinja watu Msumbiji, kuna kijana atanikasirikia na kuna askari atanisikiza. Na wote wawili wakaa mtaa huu."

Tumezoea kusema watu hawajali vita fulani kwa sababu hawavijui, au kwa sababu ya rangi, au dini. Katika msikiti wetu maelezo hayo hayatoshi. Watu wa Mocímboa ni Waislamu, ni weusi, ni wa lugha yetu, tena ni karibu. Kwa kila kipimo cha udugu wanawazidi watu wa Gaza kwa ukaribu nasi. Kilichotunyamazisha ni kwamba wako karibu mno. Gaza twaweza kulia tukiwa safi, mdhalimu akiwa mtu mwingine kabisa. Cabo Delgado anayeua anasema maneno yetu na huenda kanda aliyoisikiza ilirekodiwa upande wetu. Ukimlilia aliyeuawa utaulizwa, au utajiuliza mwenyewe, muuaji alifunzwa na nani.

Sisemi kwamba kulia kwa Gaza ni unafiki. Nimelia mimi, na ningali. Nasema machozi hutafuta njia iliyo wazi.

Majina

Mwalimu mstaafu, baada ya kujibiwa na hamali kwa takwimu zake, alitukumbusha jambo ambalo imamu mwenyewe alilithibitisha. Kunuti ya misiba asili yake ni majina. Mtume (s.a.w.) alisoma kunuti mwezi mzima baada ya wasomaji wa Qur'ani kuuawa Bi'r Ma'una, na alipowaombea Waislamu waliokuwa wamefungwa Makka alimtaja al-Walid bin al-Walid, na Salama bin Hisham, na Ayyash bin Abi Rabia. Mmoja mmoja. Hakuanza na idadi.

Mwaka 2007 Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic walichapisha jaribio lenye kisa cha namna hiyo. Watu walipewa nafasi ya kuchangia njaa Afrika. Waliopewa habari za Rokia, msichana wa miaka saba wa Mali, walitoa zaidi ya maradufu ya waliopewa takwimu za mamilioni. Waliopewa Rokia pamoja na takwimu wakatoa kidogo kuliko waliopewa Rokia peke yake. Hesabu ilimpoza.

Kwetu jaribio hilo lilifanyika lenyewe, ghorofani, upande wa wanawake. Wao walilisikia swali la Nahodha kwa kipaza sauti, nusu nusu, na kesho yake mke wangu akaombwa alete habari kamili. Wanaume barazani walikuwa wameuliza nani anapigana na nani, serikali inasemaje, gesi ni ya nani. Wanawake waliuliza anaitwa nani. Ana watoto wangapi? Wa kike wangapi? Amelala kwenye nini baada ya kimbunga? Ile sauti ya simu ikasikizwa ghorofani, na mama mmoja asili yake Vanga akawa anawafasiria wenzake pale Kimwani kilipowapiga chenga. Kufikia Ijumaa walikuwa wameshakusanya pesa ndani ya kanga, bila sanduku, bila kamati, bila mimi. Mama yangu alitoa, akaenda kupima unga, akakanda mahamri ya kuuza kwa ajili ya mchango huo, na magharibi ile akala. Televisheni haikuzimwa. Ilikuwa ikisema peke yake.

Nahodha alipoletewa habari hizo hakufurahi kama nilivyotarajia. Alisema, "Kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Mimi nilianza mwaka juzi."

Kilichoamuliwa

Kamati ilikaa Jumamosi. Kijana wa tuktuk alialikwa, na ndiye aliyependekeza kwamba kunuti yenyewe isiguswe, ila baada ya witri imamu aombe kwa Kiswahili na ataje Gaza, Sudan na Cabo Delgado. Mjumbe mmoja alipinga: ukifungua mlango huo, kesho mtu wa Goma atasimama, keshokutwa wa Yemen, na kwetu wa asili ya Hadhramaut si wachache. Fimbo ya mbali haiui nyoka, alisema, tushughulike na dawa za kulevya za mtaani kwetu. Hoja yake haikujibiwa. Ilipigiwa kura tu ikashindwa. Naiandika kwa sababu naona ina uzito kuliko tulivyoupa.

Imamu alikubali kwa sharti moja: atawataja waliodhulumiwa, hatamtaja dhalimu. Niliona ni woga. Kisha nikaikumbuka ile fomu yangu isiyokuwapo, nikanyamaza.

Usiku wa kwanza nilisimama makusudi nyuma kabisa nisikize. Alipofika Gaza, amini ilitoka kabla hajamaliza neno. Sudan ikaitikiwa vizuri, sauti nzito ya hamali ikiongoza. Alipotaja "ndugu zetu wa Cabo Delgado, wa Mocímboa, wa Palma, waliotolewa majumbani mwao", kukawa na pengo, kama mtu anayetafuta ngazi gizani kwa mguu, halafu amini zikaja zimetawanyika. Usiku wa tatu pengo lilikuwa fupi. Mwisho wa mwezi halikuwapo, nami siwezi kusema kama ni huruma iliyoingia au ni mazoea.

Pesa za wanawake zilitumwa kwa kampuni ya kutuma fedha, kwa jina la Nahodha, na mimi nikasimama naye dirishani. Aliulizwa uhusiano wake na mpokeaji. "Ni mwanangu," akasema. Mhudumu akaandika, akapiga muhuri. Ilichukua muda mfupi kuliko foleni ya feri ya Likoni. Kwa hilo nilikuwa nimemwekea mzee wangu miaka miwili.

Siku ya Idi nilikwenda kwake kumpa risiti na kumwomba radhi. Akanipa kahawa, radhi akaipokea kwa kutikisa kichwa tu, kisha akachukua simu anisikizishe sauti za binti yake zote alizozihifadhi. Ya mwisho ilikuwa ya kushukuru. Akapanda juu, zile za kimbunga, akazidi kupanda, akafika moja ya Juni 2024. Nikaisikiza. Binti alikuwa akihema, watoto wanapiga kelele nyuma yake. Wameona kwenye simu, alisema, Kenya vijana wanapigwa risasi nje ya Bunge. Yeye na wakimbizi wenzake wamekaa jioni hiyo wakawasomea dua watu wa Kenya. Ami, nyinyi mko salama?

Nikamuuliza Nahodha alimjibu nini. Akabonyeza ya chini yake, na sauti yake mwenyewe ikatoka, tulivu, ya mtu aliyekwisha kula:

"Tuko salama, mwanangu. Hiyo ni Nairobi. Nairobi ni mbali."